Kupanda Vilima vya Wajerumani kwa Pumzi ya Kuazima

Siku niliporudisha funguo za stoo ya baiskeli, vijana wa ofisini walininunulia keki na kunikalisha kwenye kiti cha meneja. Mmoja akauliza kama ni kweli kwamba zamani, kabla yeye hajazaliwa, niliwahi kuongoza wageni kwa baiskeli huko Ujerumani. Nikasema ni kweli. Akasema, "Basi mzee, ulikwenda kuwafundisha kupanda milima." Wote wakanitazama kwa heshima nisiyoizoea, na mimi, kwa kuwa mdomo ulijaa keki, sikuwasahihisha. Nawasahihisha sasa.

Nilizaliwa Biryogo, mtaa wa Waislamu hapa Kigali, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya dukani, ya barazani na ya kugombana. Baba alikuwa fundi cherehani na alitaka nirithi mashine yake. Lakini suruali nilizoshona mimi zilikuwa na mguu mmoja mfupi, na wateja wakawa wananiombea dua nipate kazi nyingine. Nikashuka Kimisagara, bondeni kwenye karakana ndogo ndogo, nikajifunza kutengeneza baiskeli. Baiskeli za wakati ule zilikuwa za chuma kizito, gia moja, za kubebea mikungu ya ndizi na mara nyingine mbuzi. Kitu kikigoma, ulikipiga nyundo. Kikizidi kugoma, ulitafuta nyundo kubwa zaidi. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo mwaka 1990, pale mama mmoja wa Kijerumani alipofungua ofisi ndogo ya utalii mjini akatangaza kwamba anatafuta mtu wa kuongoza safari za baiskeli.

Tulimwita Madamu Hanne. Tulizungumza Kifaransa, kama ilivyokuwa desturi ya ofisi zote za Kigali siku zile.

"Unajua Kijerumani?" akaniuliza.

"Kidogo, Madamu."

"Sema kidogo hicho."

"Shule," nikasema. Akanitazama. Nikaona haitoshi. "Na hela."

Alicheka mpaka akavua miwani. Maneno hayo mawili Wajerumani waliyaacha kwenye Kiswahili walipotawala huku, na mimi ndiye mrithi niliyejitokeza kuyadai.

Kisha akatutoa nje kwa majaribio. Tulikuwa watu wawili tuliobaki, mimi na kijana mwembamba wa Kimisagara aitwaye Védaste. Tulipewa kila mtu baiskeli yenye gia nyingi, kitu ambacho nilikuwa nimekiona kwenye picha tu, tukaambiwa tupande barabara ya Gatsata, ile inayopanda kutoka Nyabugogo. Mlima ulipokaza nikavuta kitu kama kijiko kidogo kwenye usukani, nikakivuta upande usiofaa, mnyororo ukaruka na kubana kati ya meno na fremu. Nikateremka. Nikaanza kutafuta jiwe.

Védaste alisimama pembeni yangu, akatoa ufunguo mdogo mfukoni.

"Kaka," akasema, "hii iko ya kubembeleza, haiko ya kupiga."

Akaubembeleza ukatoka. Madamu Hanne alituajiri wote wawili: Védaste awe fundi, kwa kuwa alijua kazi, na mimi niwe kiongozi wa wageni, kwa kuwa wakati mwenzangu anatengeneza nilikuwa nimeshawaeleza wapita njia historia yote ya mnyororo.

Hatukupata kuongoza wageni wengi. Mwezi wa kumi mwaka huohuo vita vilianza kaskazini, na watu wa Ulaya wakafuta safari zao. Madamu Hanne alikuwa na rafiki mwenye nyumba ya wageni magharibi mwa Ujerumani, kwenye vilima vya mizabibu, ambako watu huenda kuendesha baiskeli kwenye barabara zisizo na magari mengi. Rafiki huyo alihitaji mtu wa msimu mmoja, wa kutengeneza baiskeli na kusindikiza wageni. Madamu akaona heri mmoja wetu aende akajifunze kuliko kukaa Kigali tukipiga pampu matairi yasiyokwenda popote.

Aliyestahili kwenda ni Védaste. Hilo nililijua mimi, alilijua Madamu, na nadhani hata baiskeli zililijua. Lakini Védaste hakupewa pasipoti. Kitambulisho chake kiliandikwa Mtutsi, na miezi ile neno hilo lilikuwa linafunga milango. Changu kiliandikwa Mhutu. Mimi nikapewa pasipoti, na ndivyo msomi wa nyundo alivyopanda ndege masika ya mwaka 1991.

Nyumba ya wageni ilikuwa kwenye bonde la mto uliojikunja kama mshipi uliotupwa kitandani. Mizabibu ilipandwa kwenye miteremko mikali hivi kwamba nilishangaa wakulima hawajifungi kamba. Vijiji vilikuwa na nyumba za miti na udongo, kama za kwetu, ila hizi zilikataa kuanguka kwa miaka mia nne. Juu ya kila kilima cha tatu au cha nne palikuwa na gofu la ngome. Barabara kubwa ilifuata mto, ikiwa na malori na kelele, na wageni wetu hawakuitaka. Walitaka zile za juu, za trekta na za mahujaji wa zamani, ambako unaweza kusikia tairi lako mwenyewe.

Wa kunifundisha barabara hizo alikuwa Gisela, mkunga mstaafu, bibi aliyepita miaka sabini, mwenye miguu myembamba kama spoki. Maisha yake yote ya kazi alikwenda kuzalisha kwa baiskeli, kijiji hadi kijiji. Kifaransa alikijua kwa sababu mpaka wa Ufaransa ulikuwa jirani na, kama alivyosema, watoto hawaulizi mpaka uko wapi.

Asubuhi ya kwanza nilijitambulisha vizuri. "Mimi natoka nchi ya vilima elfu moja," nikamwambia.

"Vizuri," akasema. "Sisi tuna vichache. Twende tukavione."

Kwenye kona ya pili nilikuwa naona mgongo wake. Kwenye ya nne nilikuwa naona mizabibu tu. Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo wakati wa kujisifu lilikuwa limenipotea: nchi ya vilima elfu, ndiyo, lakini vyote elfu nimevipanda nikiwa nasukuma baiskeli. Kwetu baiskeli inapanda mlima kwa mikono. Nilimkuta juu, ameketi ukutani kwenye kanisa dogo, anamenya tofaa.

"Hewa ya huku ni nzito," nikamwambia.

"Ni ileile," akasema. "Wewe umekuja nayo kidogo."

Alinifundisha mambo ambayo nyinyi mmeyasikia kwangu mkadhani nimeyabuni. Mgeni akipanda mlima, mwulize jina lake na la mama yake. Akishindwa kuyasema kwa pumzi moja, mpunguzie gia. Vaa koti juu ya kilima kabla hujaanza kushuka, si ukishaanza kutetemeka. Ukitaka barabara tulivu, usitafute iliyo fupi kwenye ramani. Tafuta barabara mpya, kisha uliza ya zamani iko wapi, maana magari yote yamehamia mpya na ya zamani wameachiwa ng'ombe na wewe. Kwa kanuni hiyo moja nimekula mkate miaka yote hii.

Historia pia alinifundisha, kwa namna yake. Kila kijiji kilikuwa na historia mbili, ile ya kwenye kibao na ile ya Gisela. "Mnara huu aliujenga askofu mkuu ili atoze ushuru mtoni," anawaambia wageni, halafu ananigeukia mimi, "na kwenye nyumba ile ya madirisha ya kijani nilizalisha mapacha, mwaka wa njaa baada ya vita. Wa pili alitanguliza miguu. Sasa anauza bima." Niliandika yote kichwani na kuyachanganya. Mara ya kwanza niliporuhusiwa kueleza kitu, niliwaambia wageni kwa huzuni kwamba ngome iliyo mbele yao ilibomolewa na mabomu ya ndege. Gisela akasubiri nimalize. Akasema ilichomwa na askari wa Kifaransa, miaka mia tatu iliyopita. Nikaomba radhi kwa niaba ya mabomu.

Nilimwita Mama Gisela, maana sikuweza kumwita mtu wa umri ule jina tupu. Hakupenda.

"Mimi si mama wa mtu," akaniambia. "Nimepokea watoto wa bonde zima, sikubaki na hata mmoja."

"Kwetu hatuulizi hivyo, Mama. Ukifikia umri wako, ni mama hata ukikataa."

Alinung'unika kwa Kijerumani. Lakini tangu siku ile, nikiita "Mama" kwenye kundi la watu, anageuka.

Septemba wakati wa kuvuna zabibu, mkulima mmoja alitusimamisha njiani akatupa glasi za kitu cheupe chenye ukungu, kitamu kama juisi ya mtoto. Nilikunywa ya kwanza kwa kiu na ya pili kwa adabu. Nilikuwa natoa mkono kwa ya tatu Gisela aliponinyang'anya glasi. Ilikuwa mvinyo mchanga, bado unachacha, unaoingia kama mgeni na kutoka kama mwenye nyumba. Baba yangu hakupata kulijua hilo mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, na Mungu mwenyewe aliona kwamba sikujua. Jioni hiyo niliteremka bonde lote kwa miguu, nikiisukuma baiskeli. Nilirudi kwenye utaalamu wangu.

Kabla ya hapo, mwezi wa nane, niliaminiwa kuongoza kundi peke yangu kwa mara ya kwanza. Walikuwa watu wanane, na mmoja wao alikuwa Bwana Konrad, mtu mnene wa karibu miaka sitini, aliyezaliwa pande zile na kuhamia mji wa mbali. Alilalamikia kiti, akalalamikia mkate, akanilalamikia mimi kwa mwalimu mmoja wa Kifaransa aliyekuwa kundini, ili mwalimu anitafsirie nisikose kuelewa. Gisela alitangulia kijiji cha mbele kutuagizia kahawa. Maelekezo yalikuwa mepesi: kwenye njia panda yenye kanisa dogo, kata kushoto.

Nilikata kulia. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini, na sina jibu la heshima. Kulia kulikuwa mteremko.

Barabara iliingia msituni ikawa nyembamba, kisha ya udongo, kisha ikaisha. Mbele yetu palikuwa na ukuta mfupi wa mawe na geti la chuma lililoshikwa na kutu, na ndani yake mawe ya makaburi yaliyoinama inama kati ya miti. Yalikuwa na maandishi nisiyoyajua. Wageni walinitazama wapate maelezo. Nikasema haya ni makaburi ya watawa wa kale, na maandishi haya ni ya kitawa.

Bwana Konrad alikuwa ameshuka. Aliegemeza baiskeli ukutani taratibu, yeye ambaye kila mara aliitupa, akafungua geti, akaingia. Alisimama kwenye jiwe moja kwa muda mrefu. Upande wa nyuma liliandikwa Kijerumani. Tulimfuata. Akaanza kusema, bila kututazama, na mwalimu akanitafsiria kwa sauti ya chini.

"Huyu alikuwa bibi wa jirani zetu. Wayahudi. Ijumaa alinipa mkate wa kusokotwa, wa mayai. Yeye alikufa mapema, kitandani kwake. Wengine walichukuliwa asubuhi moja kwa lori, wakati wa vita, wasirudi tena. Nilikuwa na miaka tisa. Tulitazama dirishani."

Akapangusa majani makavu juu ya jiwe. Nilidhani amemaliza.

"Wiki ileile vitu vyao vilinadiwa barabarani. Baba alinunua meza. Meza nzuri. Nimekula juu ya meza ile mpaka nilipooa."

Mwalimu alipofika kwenye meza aliacha kutafsiri, lakini nilikuwa nimeshaelewa. Kijerumani changu kilikuwa cha kununulia mkate, na meza na kula ni maneno yaleyale ya mkate.

Gisela alitukuta pale. Kahawa ilikuwa imepoa, akarudi kututafuta. Alisimama getini, akaangalia kundi lote limekaa juu ya nyasi na Bwana Konrad katikati, akavua kofia yake ya kinga. Hakuniuliza kitu mpaka tulipofika nyumbani na wageni wamekwenda kuoga.

"Nilipotea, Mama," nikasema. "Naomba unisamehe. Kesho nitakata kushoto."

Alikuwa anasafisha mnyororo kwa mswaki wa zamani, akaendelea kusafisha.

"Nimepita kwenye njia panda ile tangu nikiwa msichana," akasema. "Na begi la ukunga mgongoni, na wageni, na peke yangu. Siku zote nilikata kushoto. Najua barabara ya kulia inakwenda wapi." Akaweka mswaki chini. "Wiki ijayo kuna kundi jingine. Potea tena."

Nikapotea na makundi yote yaliyofuata mpaka msimu ukaisha. Ndiyo njia pekee ya Ujerumani ambayo naweza kusema niliifungua mimi.

Nilirudi Kigali mwishoni mwa mwaka huo nikiwa na mapaja mapya na majigambo ya zamani. Vita vilikuwa bado kaskazini. Wateja wetu walikuwa watawa wa kike wawili watatu, walimu wa kigeni, watu wa misaada waliochoka kukaa ndani. Nilitafuta barabara za zamani kwa kanuni ya Gisela, nikapata nzuri ya kwenda Masaka, katikati ya mashamba, udongo mwekundu na mikaratusi. Nikaona tuwe na alama kama za Ulaya. Nikachora mishale myeupe kwenye mawe kando ya njia. Wakulima wa Masaka walishukuru sana kwa kuchaguliwa mawe mazuri, wakayajengea. Mshale mmoja niliukuta kwenye ukuta wa jiko la mtu, ukielekeza mbinguni. Védaste alicheka mpaka akakaa chini.

"Sadiki," akasema, "hata wewe sasa unapoteza watu mpaka kwa Mungu."

Mwaka 1993 ulipotiwa saini mkataba wa amani, watu wa Kigali tulitaka sana kuamini. Gisela naye aliamini kiasi cha kukata tiketi. Alikuja na wageni wanne kutoka bondeni kwao. Tulipopita Masaka, mimi na Védaste tukiwaongoza, watoto walitoka mashambani wakipiga kelele "Mukecuru! Mukecuru!" yaani bibi kizee, maana walikuwa hawajawahi kuona bibi juu ya baiskeli. Akaniuliza wanasemaje. Nikamwambia wanasema karibu. Akanijibu kwamba amezalisha watu wengi mno asijue mtoto anapomwita mtu mzee.

Wakati wa kurudi tulikuta kizuizi ambacho asubuhi hakikuwepo. Hawakuwa askari. Walikuwa vijana, na gogo barabarani. Wazungu walipewa ishara wapite. Mimi nikaonyesha kitambulisho, nikarudishiwa. Cha Védaste hakikurudishwa. Aliyekishika alikisoma, akawaonyesha wenzake, kisha akamwambia Védaste akakae kule nyuma ya mti.

Gisela alikuwa ameshapita gogo. Alirudi. Akalaza baiskeli yake, akaenda kukaa chini kando ya Védaste, akafungua begi lake akatoa mkate na kisu kidogo, akaanza kukata. Akampa Védaste kipande. Akawanyooshea na wale vijana.

Kazi ya kusema ilikuwa yangu. Niliwaeleza kwamba bibi huyu ni mgeni mkubwa, kwamba amepokea watoto wote wa mkoa wake, kwamba huyu fundi ndiye peke yake anayejua gia zake, na zikiharibika bibi atakaa hapahapa na itabidi wao wamlishe. Nikawaeleza gia. Nikawaeleza kibadilisha gia na springi yake ndogo. Nikawaeleza ngome na askofu mkuu. Mmoja akaanza kupiga miayo. Mwishowe mkubwa wao akanitupia kitambulisho miguuni.

"Ondokeni," akasema. "Huyu anachosha."

Kati ya sifa zote nilizowahi kupewa kazini, hiyo ndiyo ninayoitunza.

Kesho yake Gisela aliniita barazani kwenye nyumba aliyofikia.

"Kile kitambulisho," akasema. "Na kwetu vya Wayahudi viliandikwa hivyohivyo. Nilikuwa msichana mkubwa, sikuwa mtoto kama Konrad." Akasukuma kikombe chake pembeni. "Msimu ujao nafasi ni moja. Nilikuja kukuomba wewe."

"Mama, kile kilima, magoti yangu—"

"Sadiki. Sikuulizi magoti. Nauliza nimwandikie nani."

Nikamtaja Védaste. Vijana, msinipambe kwa hilo. Mke wangu Zaituni alikuwa anatarajia mtoto mwezi wa tano. Kile kilima cha Gisela, chenye kanisa juu yake, nilikichukia kwa moyo wote. Na sikujua kinachokuja. Nilimtaja kama nilivyotakiwa kumtaja tangu mwanzo, kwa kuwa alikuwa fundi na mimi ni mdomo.

Madamu Hanne alihangaikia pasipoti miezi mingi, na safari hii ikapatikana. Shida ikawa Védaste mwenyewe. Mama yake aliishi Gatsata na hakutaka kuhamia kokote, kwa sababu ya ng'ombe wake mmoja. Na dada yake mdogo, Consolata, alikuwa anaishi naye Kimisagara, anashona nguo.

"Nitamwacha na nani?" akaniuliza.

"Na sisi Biryogo. Zaituni anataka nguo za mtoto. Nikishona mimi, mtoto atadhani amezaliwa na mguu mmoja mfupi."

Consolata akahamia kwetu na cherehani yake. Védaste akaondoka mwezi wa tatu mwaka 1994, kabla ya Pasaka, maana msimu wa kule unafunguliwa na Pasaka. Kwenye uwanja wa ndege alinipa ule ufunguo mdogo akaniambia nisiguse baiskeli yoyote kwa kitu kingine.

Siku chache baada ya Pasaka mauaji ya Watutsi yakaanza. Yaliyotokea mjini kwetu tangu hapo mpaka mwezi wa saba sitayaandika hapa. Wapo walioyaandika, wenye haki kuliko mimi. Nitasema ya nyumbani kwetu tu. Consolata alikaa chumba cha nyuma cha duka la baba, nyuma ya majora ya vitambaa. Wauaji walikuja mara zaidi ya moja. Baba alikaa mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, majirani wa msikitini wakaja kukaa naye, wazee kwa vijana, kama watu wanaosubiri suruali zao. Mara moja baba alipigwa. Hawakuingia.

Mwezi wa tano Zaituni alishikwa na uchungu, na hospitali ilikuwa neno tu. Akaniambia, "Si ulikaa na mkunga msimu mzima?" Nilikaa. Niliweza kumweleza mke wangu nani alichoma ngome ipi na mwaka gani. Consolata ndiye aliyempokea mtoto, yeye na mama yangu, na mimi nikatumwa nje ya chumba nichemshe maji, kisha nikatumwa tena kwa sababu nilisahau kuwasha moto.

Vita vilipokwisha nilipanda Gatsata kumtafuta mama yao. Nyumba haikuwa na paa. Jirani aliyebaki alinionyesha mahali.

Simu za mjini zilikuwa zimekufa. Ilipita muda mpaka tukasikia kwamba ofisi moja ya wageni wa misaada inaruhusu watu kupiga nje kidogo kidogo. Tukaenda, mimi na Consolata, tukapanga mstari na watu wengine, wote wameshika namba zao mkononi na hakuna anayezungumza. Zamu yetu ilipofika nikapiga kule bondeni. Aliyepokea ni Gisela. Nikasema, "Mama, ni Sadiki." Nilisikia akivuta pumzi, kisha nikasikia akiita jina la Védaste kwa nguvu, na hatua za mtu anayekimbia kwenye ngazi za mbao.

"Kaka," akasema Védaste.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Mimi niliyeajiriwa kwa sababu ya maneno.

"Consolata yuko hapa," nikasema. "Amesimama karibu yangu. Iko mzima."

"Na Mama?"

"Mama, hapana."

Simu ilikuwa na mwangwi, nikaisikia sauti yangu ikirudi kuniambia neno lilelile. Sikumsikia akilia. Nilisikia kwa mbali Gisela akiuliza kitu, na kiti kikivutwa.

"Mpe Consolata," akasema.

Nikampa. Nikatoka nje. Mlangoni palikuwa na gari la wenye ofisi, nikachuchumaa nikaanza kulikagua tairi, nikilibonyeza huku na huku, tairi ambalo halikuwa na shida yoyote, mpaka mlinzi akaja kuniuliza mimi ni fundi wa nani.

"Mimi si fundi," nikamwambia. "Namsubiri dada yangu."